Kigingi Chekundu Kwenye Malisho ya Ndama

Ilianza Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya Koko, naitafutia mtandao juu ya lile jiwe la nyuma ya zizi, ndipo nikasikia ko, ko, ko, ya nyundo inayogonga mti. Nikageuka. Katikati ya malisho ya ndama, mahali ambapo hata mimi mjukuu sikuwahi kuruhusiwa kukanyaga, alikuwa amesimama kijana mwenye kofia pana na kizibao cha njano kinachong'aa, anapigilia kigingi kilichopakwa rangi nyekundu kichwani.

Niseme kwanza malisho hayo ni kitu gani, maana kabla sijaletwa huku Oldonyo Sambu na mimi ningesema ni nyasi tu. Kwetu Moshono nyasi ni kitu cha kufyeka Jumamosi. Huku kuna kipande kinaitwa alalili. Mvua zikianza, kinafungwa. Hapiti ng'ombe, hapiti mbuzi, hakatishi mtoto hata kama anachelewa shule. Nyasi zinaota mpaka magotini na zinakaukia pale pale zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wakubwa wakishaswagwa mbali, ndama na wale wagonjwa wanafunguliwa wale hapo. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, ana ndama watatu. Anasema bila alalili angekuwa anafuga kuku, na kuku hawapendi.

Mimi nililetwa kwa sababu Koko alianguka kwenye utelezi wakati wa masika akavunjika mkono. Mama ni fundi cherehani, akifunga kibanda wiki moja wateja wanahama. Kaka zangu wanajua kula. Familia ikakaa, ikaniteua mimi, shule zikafungwa mwezi wa sita nikapandishwa gari. "Huyu hana kelele," alisema mjomba, kama vile ananunua jokofu.

Ni kweli sina kelele. Niko kidato cha tatu, na nikijua jibu nanyoosha kidole nusu. Mwalimu akinitazama nakishushia sikioni, najikuna. Zamani nililia kwa hilo. Siku hizi silii, kwa sababu nimegundua kichwani mwangu naongea vizuri kuliko wengi wanaosimama mbele.

Nikaingia ndani mbio. "Koko, kuna mtu kwenye alalili."

"Mtu au ng'ombe?"

"Mtu. Ana nyundo."

Koko alitoka na mkono wake ulioning'inizwa shingoni kwa kanga, akashuka ule mteremko haraka kuliko mimi. Kijana alimwona akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana bibi, niko kazini. Mimi ni mpimaji, natoka halmashauri."

"Nimekuuliza kama umepotea kwa sababu umesimama kwenye chakula cha watoto wangu."

Mpimaji akatazama chini, akaziona nyasi, akahamisha mguu mmoja. Ule mwingine akauacha pale pale.

"Bibi, hapa ni eneo la machimbo. Ni kijiji chenyewe kilipanga. Mimi naweka mipaka tu. Kesho kijiko kinaingia."

Kijiko ni lile tingatinga lenye mkono mrefu wa kuchotea udongo. Chini ya nyasi za huku kuna moramu, ile changarawe nyekundu ya mlima inayoshindiliwa kwenye barabara na viwanja vya mjini. Kuhusu moramu kijiji chetu kina utaratibu wake. Ardhi yote imegawanywa kwa matumizi: pa kuishi, pa kulima, pa kulisha, pa kuchimba. Nje ya eneo la kuchimba huruhusiwi kutoa hata toroli moja, hata kama ni shamba la baba yako. Ndani ya eneo, mwenye kibali akishaingia, hakuna wa kumzuia. Kwa hiyo kigingi si kijiti. Kikishapigiliwa na mpaka ukakamilika, kijiko kinakula, na alalili ikishageuka shimo haioti tena nyasi hata mvua inyesheje.

Koko alikuwa anayajua hayo yote. "Machimbo ni ng'ambo ya korongo," akasema. "Kule upande wa lami. Mimi nilikuwepo mkutanoni nikanyoosha mkono. Mkono wenyewe ni huu, ulikuwa bado mzima."

"Bibi, imeandikwa mashariki ya korongo." Akatuonyesha kwenye kishikwambi chake. "Sasa angalia. Korongo ni lile. Jua ni lile. Hapa ni mashariki."

Nikaangalia. Korongo linashuka kutoka mlimani, linapita chini ya boma la Koko, linaendelea nyikani. Jua lilikuwa upande wetu, limepanda kidogo tu juu ya migunga. Kijana hakuwa anadanganya.

"Mashariki," alisema Koko polepole, kama mtu anayeonja chai iliyopikwa na jirani. Akalitazama jua, akalitazama korongo.

"Ayia, haya basi," akasema mwishowe. "Chukua nyundo yako. Twende kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kijiji tulimkuta ofisini. Niliinamisha kichwa mbele yake, akanigusa utosini kama wanavyosalimia watoto huku. Hiyo salamu naipenda sana. Unainama, unaguswa, imekwisha, hakuna aliyekuuliza unasoma darasa la ngapi. Habari ilikuwa imetutangulia, kwa sababu akina mama kadhaa walikuwa wameshafika, na mzee mmoja jirani yetu, mwenye mdomo, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje na fimbo yake katikati ya magoti.

"Mwenyekiti," alianza yule mzee kabla hatujakaa, "hicho kijiko kimeshakulisha na wewe? Au kinaanza kesho?"

Watu wakacheka kile kicheko kisicho kizuri.

Mwenyekiti alisimama. "Mzee, ndama wa mama yangu wanakula kwenye alalili hiyo hiyo. Mama yangu mzazi. Nikiiuza, nalala wapi?"

"Kwa mkwe."

"Sikilizeni. Ilisomwa hapa, mbele ya wote. Mashariki ya korongo. Kuna mtu alikataa? Koko, ulikataa?"

"Nani alikuwa anasikiliza mashariki?" alisema Koko. "Mimi nilikuwa naona mahali."

Hapo ndipo penyewe. Huku hakuna anayeongea mashariki. Ukiuliza nyumba ya mtu utaambiwa panda kama unaenda mlimani, au shuka kama unafuata lami. Mashariki ni ya redio na ya mwalimu wa jiografia. Siku ile iliposomwa, kila mtu alikiona kichwani kile kipande cha ng'ambo walichokwisha kukubaliana, pale ambapo tayari pamechunika na hapaoti kitu, akanyoosha mkono kwa roho safi. Mwenyekiti naye vivyo hivyo. Nilimtazama usoni nikaona alikuwa amechanganyikiwa kama wengine, ila yeye hakuwa na ruhusa ya kuonyesha.

Wakaanza kugombana, huku Kimaasai, huku Kiswahili. Mimi wakubwa wakigombana huwa nasoma ukutani. Palikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo, tangazo la chanjo, na karatasi kubwa ya manila yenye ramani ya kijiji, imebandikwa hapo wazi tangu mpango upitishwe. Mlima ulikuwa umechorwa juu kabisa, korongo limekatiza katikati kama nywele zilizotengwa njia, na mkono wa kulia wa korongo palikuwa pametiwa rangi ya machungwa: machimbo. Pembeni mwa mlima palikuwa na mshale na herufi K, yaani kaskazini.

Nikaitazama, nikaona iko sawa. Ramani nzuri, safi. Mlima juu, kaskazini juu.

Halafu nikakumbuka nguo.

Nilipofika huku mara ya kwanza, likizo ya mwezi wa kumi na mbili, asubuhi ya kwanza Koko aliniambia nianike nguo panapowahi jua. Nikafanya kama Moshono: nikautazama mlima, nikaenda mkono wa kulia. Nguo zikakaa kivulini hadi karibu mchana. Koko akaja, akazishika, akaniuliza kama kwetu tunavaa nguo mbichi. Ndipo nikagundua jua la huku ukitazama mlima linachomoza kushoto. Moshono, huu Mlima Meru uko kaskazini yetu. Tumekua tukijua hivyo kama tunavyojua majina yetu. Ukizunguka ukaja huku nyuma, mlima ni ule ule lakini umehamia kusini. Ilinichukua siku kadhaa kulizoea.

Likizo hiyo hiyo ndiyo ramani ilichorwa, na nilikuwepo. Haikuchorwa kwenye karatasi kwanza. Wataalamu walisema kijiji kichore chini, kila mtu aone. Wazee wakakaa uwanjani hapo nje wakiutazama mlima, kama wanavyokaa siku zote, na kitu cha kwanza wakaweka jiwe la mlima, mbele yao. Korongo likamwagwa kwa majivu. Nyumba zikawa maharage. Malisho yakawa samadi kavu, machimbo yakawa moramu yenyewe, ngumi moja. Majivu niliyaleta mimi kutoka kwa mama anayeuza chai, kwenye bakuli. Ilipokwisha, ikahamishiwa kwenye manila vile vile ilivyokaa, ikapelekwa mjini kuchorwa upya iwe safi. Mjini mtu akaweka mshale. Na mtu wa mjini akiona mlima ataweka mshale wapi? Juu, mlimani, na kulia kwa korongo ataandika mashariki.

Nikamvuta Koko kanga.

"Koko. Nataka majivu."

"Unataka nini?"

Nikamnong'oneza yote, nadhani vibaya, maana alinitazama kama anatafuta homa.

"Sema kwa sauti, wasikie."

"Siwezi."

"Basi fanya," akasema, kisha akageukia chumba kizima. "Nyamazeni! Mtoto anataka majivu!"

Yule mzee mwenye mdomo akauliza, "Ya kula?"

Nikatoka. Nilijua wakibaki ndani nitakufa kwa aibu, na wakinifuata nitakufa pia, kwa hiyo bora kazi iende. Mama wa chai alinijazia bakuli bila swali. Nikatafuta ile sehemu ya uwanja, nikaweka jiwe kwanza. Nikamwaga korongo. Kule juu niliharakisha, ndiyo maana korongo langu lilikuwa na kona ambayo Mungu hakuiweka. Kufikia hapo walikuwa wameshatoka, wamenizunguka, na Koko akaingia kunisaidia kwa mkono wake mmoja: akaweka samadi upande wa kushoto iwe alalili, akachota moramu ya njiani akaiweka kulia, ng'ambo, upande wa lami.

"Si hivi?" akawauliza.

"Ni hivyo," wakasema. Hata yule mzee. "Mimi nilikaa hapa hapa. Na harage la nyumba yangu lilikuwa pale."

Nikaingia ofisini, nikabandua manila ukutani kwa uangalifu, kona moja moja, nikaja nayo nikaitandaza karibu na ya majivu. Mlima juu ya karatasi, mlima kwenye jiwe. Zilikuwa sawasawa kama mapacha. Halafu nikaweka kidole kwenye ule mshale, juu ya K, na kwa mkono mwingine nikaonyesha jua.

Jua lilikuwa kushoto kwetu sote.

Mpimaji alichuchumaa. Akatazama karatasi, akatazama Meru, akatazama kivuli chake mwenyewe. Akatoa simu, akafungua dira, akaizungusha mara mbili kana kwamba ina tatizo.

"Subiri," akasema. "Subiri, subiri. Huu mshale ni sisi. Ofisini." Akaanza kucheka, akajishika kofia. "Mimi mtu wa Tengeru jamani. Tangu nizaliwe mlima ni kaskazini. Nimeiona hii ramani nusu mwaka, nikaiona iko sawa."

"Na mimi wa Moshono," nikasema.

Hayo ndiyo maneno pekee niliyotoa mbele za watu siku hiyo, na nilisema kwa sababu sikutaka acheke peke yake.

"Kwa hiyo," alisema mwenyekiti polepole, "mlima wetu mliupeleka Kenya."

Hapo watu wakacheka vizuri. Mwenyekiti akamgeukia yule mzee. "Na mimi nimekula?"

"Hujala," alisema mzee. "Lakini uso wako ulikuwa umeshiba."

Nisiandike kwamba yalikwisha hapo, maana hayakwisha. Mpimaji alimpigia mkubwa wake akasimama kule kwenye mti akiongea kwa muda mrefu, akirudia "ndiyo mkuu" na "hapana mkuu, mlima". Aliporudi alikuwa amepoteza kicheko. Maandishi yalishapitishwa, akasema, na yeye hana mamlaka ya kubadilisha hata herufi. Koko akaanza kuvuta pumzi ya kugomba.

"Ngoja, bibi. Lakini kuchimba hakuanzi mpaka mimi niseme mipaka imekamilika. Na mimi sisemi."

Mwenyekiti akaita kamati ya matumizi ya ardhi saa hiyo hiyo. Wengi walikuwa wameshasimama pale hata hivyo. Wakakubaliana kuwa uamuzi wa kijiji haukuwa na kosa, kosa ni la mchoro, na mchoro utasahihishwa na kusomwa upya kwenye mkutano mkuu. Koko akatia sharti. Safari hii usisomwe kwa mashariki. Uandikwe hivi: ng'ambo ya korongo, upande wa lami, mlima ukiwa mbele yako mkono wa kulia. Mpimaji alisema kitaalamu haiandikwi hivyo. Koko akasema kitaalamu ndama wake wangekufa njaa. Wakaandika zote mbili.

Mwenye kijiko alipopigiwa alifoka kwanza, kisha akauliza upande mwingine uko wapi. Alipoambiwa ni karibu na lami akasema basi atangoja, mafuta yenyewe yamepanda. Nilichojifunza kuhusu mwenye kijiko ni kwamba hana ugomvi na ndama. Anataka moramu tu.

Jioni mpimaji alivitoa vigingi kwenye alalili, kimoja kimoja, akitembea kwa ncha za viatu. Cha mwisho Koko alikishika.

"Hiki niachie."

"Bibi, ni mali ya ofisi."

"Kimelala kwangu kutwa nzima bila kulipa. Niachie."

Akamwachia.

Usiku Koko hakunisifu. Aliniambia korongo langu lina kona. Lakini maziwa ya juu, yale yenye malai, alinimiminia mimi.

Asubuhi yake, Jumatano, niliamka kabla yake, nikakichukua kile kigingi nikakipasua kwa shoka, nikakoka moto nacho. Kipande chenye rangi nilikitupa pembeni, ila kidogo ilibaki, na chai ikanuka kama duka la vifaa vya ujenzi. Mpimaji alipofika akanywa vikombe viwili. Aliangalia kile kichwa chekundu kilicholala karibu na mafiga, akaniangalia, akaendelea kunywa.

"Leo naenda kuangalia upande wa ng'ambo, kwa ajili ya mchoro mpya," akamwambia Koko. "Nahitaji mtu wa kunishikia ncha ya tepu. Awe anajua kulia na kushoto."

"Chukua huyu," alisema Koko.

Tukavuka korongo. Yeye alibaki ukingoni na kikasha cha tepu, mimi nikatembea na ncha, nikapita kwenye moramu iliyochunika, nikaenda mpaka pale ambapo nikigeuka kumtazama mpimaji angeweza kuwa mtu yeyote, kofia tu na njano. Mlima ulikuwa mbele yangu, jua mkono wa kushoto, alalili kule ng'ambo imesimama na nyasi zake zote. Nikaibana tepu chini kwa kisigino.

"Uko tayari?" akaita.

Nikanyoosha kidole. Nusu.

"Sikuoni! Uko tayari?"

Kulikuwa na upepo, na hakuna mwalimu, na ni mimi peke yangu niliyekuwa nimesimama mahali sahihi.

"TAYARI!" nikapiga kelele, kubwa, mpaka koo likauma.

Kutoka zizini kwa Koko, ng'ambo, ndama mmoja akaitika.